Kisahani cha Treni ya Saa Kumi

Kila msimu wa baridi nafungasha koti zito, ambalo hapa Muscat halina kazi, nakwenda kaskazini ya India kupiga picha treni za milimani. Wenzangu ofisini hunicheka. Mmoja hunishauri niende Hamriya, hapa hapa mjini, nikapige picha mabasi, niokoe nauli. Najijua, nikianza kumjibu nitamtukana. Nimezaliwa katika mji usio na treni, nikalelewa na mtu ambaye hakuwa na hadithi nyingine.

Baba yangu alizaliwa bara, Tanganyika, na ujanani alikuwa stesheni masta kwenye stesheni ndogo ya njia moja. Njia moja maana yake treni mbili zikikutana ni msiba. Kwa hiyo dereva haruhusiwi kuondoka mpaka akabidhiwe kisahani cha shaba, kinachotoka kwenye mashine ya stesheni. Kikishatoka, mashine inajifunga, na hakitoki kingine mpaka hicho kifike stesheni ya mbele. Mwenye kisahani ndiye mwenye njia.

Siku familia yao ilipoondoka kuja Oman, lori lilifika kabla ya wakati. Baba alikuwa ameshakitoa kisahani cha treni ya saa kumi, treni imesimama, na wazee wanampigia kelele apande lorini. Akakitia mfukoni ili mikono ishike mizigo. Alikuja kukigundua melini, siku ya tatu.

Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa hadithi ya kuchekeshea wageni. Hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Hail, hakuna aliyekunywa kahawa yetu asipewe kisahani akipime uzito kiganjani. Halafu baba akaanza kusahau. Alisahau jina langu, akasahau kwamba mama ameshafariki, lakini treni ile hakuisahau. Kila siku baada ya Alasiri alisimama barazani, mkono ameunyoosha kuelekea barabarani, na chakula kikiletwa alikisukuma.

"Siwezi kula. Wao hawajala," alisema. "Mna mtoto mle behewani analia."

"Baba, treni ile imeondoka zamani."

"Imeondokaje, na ruhusa nnayo mimi?"

Kusema kweli nilikasirika. Nilimkasirikia mzee mgonjwa kwa sababu maneno yake yalikuwa na mantiki. Alibaki mifupa. Daktari aliniambia wazi kwamba akiendelea hivyo hatofika Ramadhani.

Ndipo nilipopata wazo. Reli ile ya milimani kule India bado inatumia utaratibu uleule wa zamani, dereva hatoki bila ya kupewa kitu mkononi. Ningekichukua kisahani, nimwombe dereva akishike nimpige picha, nimwoneshe baba kwamba treni yake imepewa ruhusa. Nilimwacha na dada anayetusaidia nyumbani, Mtanzania mwenye moyo kuliko mimi, nikaondoka huku nikijiona binti mbaya.

Stesheni niliyoichagua ina benchi moja na bati lililoinama kwa theluji. Ukungu ulikuwa mzito hata handaki la treni, hatua mia hivi kutoka niliposimama, silioni. Treni ilifika saa kumi na moja na nusu ya huko, ambayo kwetu Muscat ni saa kumi kamili. Sikuipangia saa hiyo, ilichelewa tu.

Ikasimama. Nikaanza kupiga picha. Vioo vilikuwa na mvuke, na nyuma ya kila kioo palikuwa na uso umetulia, haupungi mkono, hauongei, kama watu waliokwisha kuchoka kuuliza. Dereva akatoa mkono dirishani, akaunyoosha. Ulikuwa mkono wa baba barazani, vilevile, kiganja juu. Na katika behewa la pili mtoto akaanza kulia.

Nilikuwa nimeshakishika kisahani mfukoni. Vidole vyangu vilikataa kukitoa. Simu ikatetemeka. Alikuwa dada wa nyumbani, ameniachia ujumbe wa sauti.

"Mama, Mungu mkubwa! Babu kakaa mezani mwenyewe, anakula wali. Anasema mtoto ameshanyamaza."

Nikainua uso. Ni kweli, mtoto alikuwa amenyamaza.

Niliogopa kwa namna ambayo sijapata kuogopa tangu utotoni. Sikumkaribia dereva wala sikungoja treni iondoke. Nilikusanya vitu vyangu nikateremka ngazi za mawe karibu nianguke, na kisahani kikinigonga pajani.

Niliporudi Muscat nilimkuta baba ana rangi usoni. Nilipomsalimia aliniuliza jambo moja tu.

"Umempa mkononi?"

"Nimempa, Baba."

Alinishika kichwa akaniombea dua. Alikula vizuri, alilala vizuri, Ramadhani akaiona na Idi akaiona, na alifariki mchana mmoja amelala kwa ubavu wa kulia, hana anachongoja. Siujutii uongo ule. Ningeusema tena.

Lakini baada ya matanga nilizifungua picha za safari ile. Ziko arubaini na moja, na katika zote treni imesimama. Najua ni kwa sababu niliondoka mapema. Najua hivyo, na bado nimezipitia zote mara nyingi nikitafuta hata moja ambayo gurudumu limesogea. Kisahani kimo kwenye mkoba wa kamera, pale pale nilipokificha baba asikione.

Jana nilirudi kutoka kazini, nikaswali Alasiri, nikakaa mezani kula chakula cha mchana kilichochelewa. Dada akaniwekea samaki na wali, akasimama akinitazama.

"Mama, mbona huli?"

Nilitaka kumwambia nimechoka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya meza, umenyooka, kiganja juu.

"Siwezi," nikamwambia. "Wao hawajala."