Taa ya Vifaranga

Mama yangu, aliyekuja kutoka Nkololo kuniuguza, siku ya kwanza kuiona taa nyekundu juu ya kabati aliniuliza vifaranga wako wapi. Kwake taa nyekundu ni ya kulelea vifaranga, basi. Nikamjibu kwamba kifaranga ni mimi. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea kuyafuta bila kucheka.

Mchuma janga hula na wa kwao. Langu nililichuma dukani, kwenye chupa ya mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli. Koroboi ilinilipukia usoni. Mwanza walichuna ngozi ya paja langu wakaipandikiza kwenye shavu la kulia. Vidonda vilipofunga, nesi mmoja hapa Bariadi aliniazima taa ile: dakika kumi kila siku, macho yamefunikwa, ili kovu lilainike na kupunguza kuwasha. Alinionya kwamba taa haifuti kovu. Hilo nililijua, mimi si mtoto.

Mtoto alikuwa binti yangu wa miaka minne. Niliporudi kutoka hospitali alinikimbia, akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Mama alisema atazoea. Niliumia kuliko siku niliyoungua, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini kila mchana nilipofunga mapazia na kuwasha taa, alikuja mwenyewe. Alipanda kwenye paja langu lisilochunwa, akalishika shavu lile lile, akanisimulia habari za mbuzi wa jirani. Taa ikizimwa tu, aliteremka. Nilidhani watoto huchoka upesi.

Siku moja nilimshika mkono nikamuuliza anakwenda wapi.

"Ukizima taa, mama, unaondoka," alisema. "Anakuja yule mwingine."

Sikumwelewa. Kesho yake mama, aliyekuwa amemsikia, aliniletea kioo taa ikiwa inawaka, akaniambia, "Jiangalie, ng'wanone, mwanangu." Nikafunua macho kidogo. Katika wekundu ule kovu halikuonekana, uso wote ulikuwa rangi moja. Nilikuwa mimi wa zamani. Nililia, na mama hakunibembeleza.

Mwezi uliofuata nesi alilibonyeza kovu, akafurahi. Limelainika, alisema, sasa taa irudi, kuna mgonjwa mwingine anaisubiri. Akauliza kama bado linawasha. Lilikuwa limeacha kuwasha siku nyingi.

"Linawasha sana," nikamwambia.