Ripoti Yangu kwa Jina Lake

Mume wangu anafundisha hisabati katika shule ya upili karibu na Siakago, na ni naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa tai kila siku hata jua la Mbeere likiwaka namna gani. Mimi nafundisha gredi ya pili katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Tumeoana miaka kumi na tisa. Nilitoka kwetu milimani, upande wa Nkubu, kwenye chai na ndizi, nikaja huku kwenye ndengu na mawe, na sikuwahi kulalamika juu ya mawe.

Tulipoambiwa kwamba leseni ya kufundisha haitafanywa upya mpaka mwalimu apitie mafunzo na kuandika ripoti nne, moja kila muhula na ya mwisho wakati wa likizo, walimu wengi walinung'unika. Nilinung'unika pia. Mtu umefundisha watoto kusoma mpaka wengine wao sasa wana watoto, halafu unaambiwa uthibitishe kwamba kazi unaijua. Mume wangu hakunung'unika. Aliniletea simu yake jikoni nikichagua mchele.

"Mwalimu," aliniambia. Huniita hivyo akitaka kitu. "Wewe una maneno. Niandikie hii yangu, mimi nishughulike na ratiba ya mitihani."

Nikamwandikia. Niliandika ya kwanza, ya pili na ya tatu, zangu na zake, na nilihakikisha hazifanani. Hakuna aliyenilazimisha, na sitajifanya kwamba nililazimishwa. Ukweli ni kwamba nilijivunia. Ripoti yake ya pili ilisifiwa, akaombwa awaelekeze walimu wenzake jinsi ya kuandika, akaja nyumbani akicheka huku akilegeza tai. Nami nilicheka. Nikikumbuka kicheko hicho changu ndipo hasira hunipanda mara mbili, moja kwake na moja kwangu.

Ripoti ya nne ilikuwa na swali moja tu: eleza somo lililokushinda, na ulichojifunza.

"Hii uandike mwenyewe," nilimwambia. "Siwezi kukuandikia kitu kilichokushinda wewe."

"Hakuna shida, Mwalimu," akasema.

Yangu niliijua tangu niliposoma swali. Mwaka uliopita nilikuwa na msichana darasani ambaye hakuwa akinakili chochote kutoka ubaoni. Nilimwita mkaidi. Nilimsimamisha mbele ya wenzake wakati wa somo la kutoa, siku tatu mfululizo, maharagwe ya kuhesabia mkononi, nikimwambia hatakaa mpaka asome hesabu niliyoandika. Hakulia wala hakujibu. Siku ya tatu maharagwe yalimponyoka. Akapiga magoti kuyaokota, na nikaona jinsi alivyokuwa akiyatafuta: kwa viganja, akipapasa sakafu, huku haragwe moja liko wazi mbele ya goti lake. Mtoto hakuwa akiona. Muhula mzima nilikuwa nimemwadhibu kwa kutoona.

Hilo ndilo nililoandika. Sikulipamba. Niliandika wiki nzima, saa za alasiri, shule ikiwa tupu kwa likizo, nikiwa nimekaa kwenye dawati dogo alilokuwa akikalia, na mara mbili niliacha kwa sababu sikuweza kuendelea. Niliandika hadi pale nilipogundua kwamba haoni, nikaishia hapo. Yaliyofuata sikuyaandika. Jumatano niliichapa kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, nikasema niiache ipoe, niisome tena Jumamosi kisha niitume. Jumamosi nikaituma.

Jumatatu nilipata jibu kwamba ripoti yangu imekataliwa kwa sababu inalingana na nyingine iliyokwisha kupokelewa. Nikadhani ni kosa la mtambo. Nilimsomea mume wangu ujumbe huo tukila githeri.

"Hiyo mitambo inasumbua watu," alisema, akaongeza chumvi. Hakuinua macho.

Wiki iliyofuata tukaitwa ofisi ya elimu Embu sisi wawili, kwa barua moja yenye majina mawili. Hapo ndipo nilipofungua kompyuta na kutafuta. Ripoti yangu ilikuwapo. Chini yake ilikuwapo nyingine, yenye jina lake, iliyotumwa Alhamisi. Nilimpata nje akiosha gari.

"Ulichukua ripoti yangu?"

"Nilikuwa naangalia mfano tu."

"Uliituma."

"Muda ulikuwa umeniishia. Na niliibadilisha."

"Ulibadilisha nini?"

Akasugua kioo kwanza. "Ile gredi ya pili. Niliandika kidato cha kwanza."

Nilisimama pale nikajaribu kuliona darasa hilo la kidato cha kwanza, vijana wenye kuanza ndevu, wakihesabu maharagwe. Hata kusoma hakuwa amesoma. Jambo lililoniumiza kuliko yote niliyowahi kufanya darasani, yeye alilipitia kama mtu anayejaza fomu.

"Sikiliza," alisema, sasa kwa sauti ya ofisini. "Tukifika huko tutasema tuliandika pamoja. Nafasi ya mwalimu mkuu inakuja mwakani, unajua. Mimi nikiandikwa barua ya onyo, nimekwisha. Wewe uko gredi ya pili. Ukirudia ripoti moja, utapungukiwa nini?"

Niliingia ndani nikamalizia kukunja nguo, na kila nguo yake niliyoishika niliiona nzito. Nitapungukiwa nini? Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo.

Embu tuliwakuta maafisa watatu kwenye chumba chenye meza ndefu. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta ya kijivu, naye alizungumza polepole kama mtu aliyewahi kufundisha madarasa ya chini. Ripoti zote mbili zilikuwa mbele yake, zimepigwa mistari ya wino mwekundu.

"Nani ataanza?" aliuliza.

Mume wangu akaanza. "Madam, sisi ni mtu na mke wake. Tunaishi nyumba moja, tunazungumza kazi mezani. Tulisaidiana kuandika, kila mtu akatuma. Kama kuna kosa, ni la kutojua utaratibu."

Alilisema vizuri sana. Mmoja wa maafisa alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali.

Yule mama alivua miwani. "Naibu, huyu mtoto unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Nimesoma hadithi yake mara mbili. Inaishia pale mwalimu anapogundua. Nataka tu kujua, baadaye ikawaje?"

Nilimtazama mume wangu. Angeweza kunyamaza, angeweza hata kusema hajui. Miaka kumi na tisa nimekaa naye, na wakati ule nilikuwa bado namwombea anyamaze.

"Alipata miwani, madam," alisema huku akitabasamu. "Siku hizi anaongoza darasa."

Yule mtoto hakupata miwani. Mimi ndiye niliyempeleka na mama yake hospitali, tukapanda kule kwetu Meru, tukapanga foleni tangu asubuhi, na daktari akatuambia kwamba tatizo liko nyuma ya jicho na hakuna miwani itakayolisaidia. Mama yake aliniuliza kwa Kimbeere kama alisikia vizuri, na mimi ndiye niliyelazimika kumrudilia maneno hayo. Mtoto sasa yuko katika shule ya bweni ya wasioona. Anajifunza kusoma kwa vidole. Hayo yote nilimsimulia mume wangu siku ile nikirudi, ameketi, anatazama mpira. Alisema pole.

"Hakupata miwani," nilisema.

Mume wangu alinigusa goti chini ya meza. Niliuondoa mkono wake mbele ya watu.

"Ni mtoto wa darasa langu. Ni wa gredi ya pili. Hakupata miwani kwa sababu miwani haingemfaa, na huyu bwana nilimwambia, hakusikiliza. Hiyo ripoti ni yangu peke yangu. Na kwa kuwa mmetuita hapa mjue ukweli, zile tatu za kwanza alizotuma pia ni mimi niliandika."

Sikupiga kelele. Watu wa kwetu wakikasirika sana husema polepole, nami nilisema polepole mpaka mwisho.

Yule mama akaandika kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, unajua kwamba hilo la mwisho linakuhusu na wewe?"

"Najua."

Walituambia tungoje nje. Tulingoja kwenye benchi, yeye upande huu, mimi upande ule, mkoba wangu katikati.

"Umeniua," alisema.

"Umejiua, na mtoto wa watu ukamtumia kama kisu."

Mume wangu alipewa barua ya onyo, akatakiwa kurudia mafunzo yote kuanzia ya kwanza. Ripoti yangu ya nne ilikubaliwa, lakini nami nilipewa barua ya onyo kwa kumwandikia mwingine, na leseni yangu ikacheleweshwa mpaka niandike upya ripoti mbili. Nilikubali. Nilistahili. Kilichonikasirisha ni afisa mmoja mwanamume, yule wa kutikisa kichwa, aliyenifuata mlangoni akaniambia kwa sauti ya upole, "Lakini madam, haya si mngeyamaliza nyumbani?"

"Nyumbani ndiko yalikoanzia," nilimjibu, nikaenda zangu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kiambere siku iliyofuata. Ni mwanamke ninayemheshimu, amenifundisha mengi kuhusu shamba la huku. Alikaa, akanywa chai, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, umemvua nguo mwenzako hadharani."

"Mama, alikuwa amevaa nguo zangu."

Hakucheka. Alisema ameona wanawake wakivumilia makubwa kuliko karatasi. Nikamwambia nami nimewaona, na sikuona walichopewa mwishoni. Nilimwongezea chai. Kisha akaniuliza kuhusu yule mtoto, anaitwa nani na ni wa ukoo gani, nikamweleza yote. Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, lakini hakusema niko sawa.

Mume wangu hakusema nami mwezi mzima ila mambo ya lazima: gesi imeisha, kuna mkutano wa kanisa, funguo ziko wapi. Alasiri alikaa sebuleni na kompyuta. Mara moja aliniita nikipita na karai la ndengu.

"Mtu anaanza vipi?" aliuliza. Sauti ya ofisini haikuwapo.

Najua jibu la swali hilo. Ndiyo kazi yangu, kuonyesha watu jinsi ya kuanza. Mtu mwingine yeyote duniani angeniuliza ningeweka karai chini.

"Sijui," nilisema, nikaenda kupepeta ndengu zangu.

Aliandika mwenyewe. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Sijui aliandika nini kuhusu somo lililomshinda. Alinipa nisome nikamrudishia bila kufungua. Nafasi ya mwalimu mkuu alipewa mwanamke kutoka Runyenjes. Leseni yangu ilitoka kwanza, yake baadaye. Aliichapisha kwa rangi, akaitia fremu, akaitundika sebuleni karibu na saa. Nikaitundua nikaiweka ndani ya kabati lake la nguo. Akairudisha ukutani. Nikaitundua tena. Mara ya tatu alinikuta nimeishika.

"Hii niliifanyia kazi mwenyewe," alisema.

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa bado nimekasirika," nilimwambia. "Hasira ikiniisha nitaitundika mwenyewe."

Alinitazama, akaichukua fremu mkononi mwangu, akaenda kuiweka kabatini.