Uongo Uliolinda Injini

Mgodi ulipofungwa, miaka michache baada ya uhuru, meneja aliniachia injini moja. Ilikuwa injini ndogo ya mvuke iliyovuta mabehewa ya mawe kutoka shimoni, na mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Akaniambia, "Ilinde. Watu wa makumbusho watakuja kuichukua, ikae Nairobi watu waione." Nilivimba kichwa, siwafichi. Nilijiona mkubwa kuliko chifu.

Sasa ulinde injini Migori! Wapika chang'aa waliitamani mirija yake ya shaba kuliko walivyoitamani pepo, maana hakuna bomba linalopoza mvuke wa pombe kama la shaba. Wiki ya kwanza waling'oa filimbi. Ya pili wakabeba geji ya kupimia mvuke. Mimi nina rungu moja na macho mawili, ningefanya nini? Nikadanganya.

Mtia kuni wangu alikuwa amefukiwa na udongo shimoni mwaka mmoja kabla, na mwili haukupatikana. Kwao walizika tunda la yago mahali pake, kama tufanyavyo sisi Wajaluo mtu akipotea. Basi nikaenda sokoni nikatangaza kwamba amelikataa lile tunda, amerudi kwenye injini yake. "Njooni saa sita mchana mmsikie anavyogonga." Wakaja. Chuma kikipigwa na jua hulia, tak, tak, kila fundi anajua. Yawa! Walitimua mbio, wengine wakaacha viatu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku ya tatu alikuja mjane wa yule mtia kuni.

"Shemeji," akaniuliza, "ni kweli yumo?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Lakini nikitoboa siri leo, kesho mirija imekwenda.

"Yumo," nikamwambia.

Akaanza kuja kila siku. Alileta uji, akaumimina kidogo kwenye gurudumu, akamsimulia mumewe habari za nyumbani. Alisugua kutu kwa mchanga na majivu, akapaka mafuta machafu niliyompa. Injini ikang'aa kuliko enzi za wazungu. Nami, mshenzi mimi, nikawa nalala kivulini, kwa sababu hakuna mwizi aliyethubutu kusogea akimwona yule mwanamke anaongea na chuma. Mlinzi wa bure!

Balaa lilikuwa nyumbani kwake. Kwetu mjane hajengewi wala haezekewi mpaka ndugu wa marehemu amrithi. Ndugu za mumewe walimtolea mdogo wa marehemu, yeye akakataa katakata. "Nitarithiwaje na mume wangu yuko kazini?" Wakamwona kichaa, wakamsusa. Paa likaoza. Masika ya kwanza maji yakaingia ndani. Ya pili ukuta wa nyuma ukainama, akauegemezea gogo. Haya yote alinieleza mwenyewe huku akisugua. "Lakini hapa kwake ni pakavu," alisema, akatabasamu. Nilijua kila kitu, nikamwonyesha mahali alipobakiza kutu.

Watu wa makumbusho hawakuja. Lililokuja ni lori, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu mwenye barua ya kuuziwa, na vijana wenye mitungi ya gesi. Moto ulipogusa boila, mama yule alijitupa juu ya chuma akipiga mayowe, "Mngojeni atoke!" Vijana wakaangua kicheko. Mnunuzi akanigeukia, "Mzee, mwondoe mtu wako." Nilikuwa na hasira na meneja, na injini yangu, na miaka yangu iliyokwenda bure, na yote nikammwagia yule mjane.

"Hayumo! Hajawahi kuwemo! Nilidanganya wezi, na wewe mjinga ukaamini!"

Akashuka taratibu. Nilingoja matusi, au kofi, na ningeshukuru. Alisema tu, "Basi njoo nyumbani uwaambie ndugu zake hivyohivyo, shemeji. Mimi hawanisikii tena. Waambie wewe, nirithiwe, waniezekee kabla ya mvua."

"Kesho asubuhi," nikajibu.

Mchana uleule mnunuzi alitaka mikono ya kupakua vyuma gatini Homa Bay. Nikapanda lori. Ningesimamaje mbele ya wale ndugu, niseme nimefanya nini? Nilijiambia nitarudi Jumapili. Nikapata kazi ya kupakia meli, Jumapili zikapita, na mvua ikaanza.

Mvua ilipokatika nilikutana na mama mmoja wa kule kwetu, amekuja kununua omena. Nikamuuliza habari za mjane wa mtia kuni.

"Nyumba ilianguka," akasema.

"Alikuwa ndani?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mpumbavu. "Mvua inanyesha namna ile, angekuwa wapi?" Kisha akaendelea kuchagua omena zake.