Mke wa Mtu wa Doria

Bibi yangu amepita miaka sabini na bado anapika misibani. Kwetu, katika vijiji vya upande wa Butiama tunakotoka, wajane hawapiki msibani. Wanatandikiwa mkeka wao upande wa kushoto wa nyumba, wananyoosha miguu, wanaletewa uji kabla ya watu wengine wote, kwa sababu kifo wameshakipikia vya kutosha. Jikoni ni kwa wenye waume na wasichana. Kwa hiyo wanawake aliocheza nao utotoni wamekaa mkekani wakisimuliana habari za magoti yao, na bibi yangu yuko nyuma ya nyumba, moshi machoni, anasonga ugali pamoja na wake za wajukuu wa wenzake.

Mume wake hayupo tangu vita vya Kagera. Hayupo, lakini hajafa. Shida yote imekaa hapo katikati.

Babu alikuwa askari wa ndege. Hakuwa rubani, ingawa watu wakisikia ndege humfikiria rubani peke yake, kana kwamba wengine walikuwa mizigo. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma na kutazama chini. Ndege yao ilikuwa ndogo, ya doria, ikizunguka juu ya ziwa kuangalia kama kuna boti za adui zinazokuja kutoka ng'ambo. Asubuhi moja ilipita juu ya Musoma ikaelekea visiwani. Haikurudi, wala hakuna hata mmoja wa waliokuwemo aliyerudi. Kuna waliosema ilidunguliwa. Kuna waliosema iliingia kwenye wingu la mvua, maana ziwa letu linaweza kutengeneza dhoruba huku umeanika nguo. Na kuna wale waliotuharibia kabisa, waliosema walitua ng'ambo, wakakamatwa, wakaachiwa vita vilipokwisha, na kila mmoja akaoa huko huko. Mwili haukuletwa. Kila mwaka siku ya mashujaa redio inawakumbuka wote kwa pamoja, na bibi anainuka kupunguza sauti.

Kwetu mtu aliyepotelea majini ana njia yake ya kuzikwa. Linachumwa tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kwa kamba yake, zito kama mtoto mchanga. Linafungwa shuka, linalazwa kaburini, na watu wanalia kweli. Mke ananyolewa nywele. Kuanzia siku hiyo ni mjane, na mkekani ana nafasi yake. Kuna sharti moja tu: jembe la kwanza la kaburi hupigwa na mkubwa wa mji. Mkubwa wa mji wetu ni kaka yake babu, mzee anayeishi nyumba ya pili kutoka kwa bibi, na jembe hilo amelikataa tangu baba yangu akiwa anabebwa mgongoni. Baba alichoka kumwomba, akahamia mbali na akaacha kulizungumzia. Mimi sikuwa nimechoka bado.

Mwaka jana nilimfuata zizini, akikagua kwato za ng'ombe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umeniletea nini kutoka Musoma?"

"Sato."

"Wa kufugwa au wa ziwani?"

"Wa ziwani, babu."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Basi umekuja na shida."

Nilimweleza shida. Aliachia mguu wa ng'ombe, akajifuta mikono kwenye suruali polepole.

"Ukimzika mtu aliye hai unamuua. Unataka nimuue mdogo wangu?"

"Babu, angekuwa hai angeshakuja."

"Nani kakwambia? Wangapi walikwendaga migodini, wakarudi baada ya miaka thelathini na meno ya bandia? Na sisi huku tulishagawana mbuzi wao!"

"Sasa uletewe nini ndiyo uamini?"

Alifikiri, au alijifanya kufikiri. "Niletee kitu cha ile ndege. Nikishike kwa mkono wangu huu. Hapo nitapiga jembe."

Nilitoka zizini nikiwa karibu kuruka. Kwa mara ya kwanza ile hapana yake ilikuwa na mlango. Bibi alikuwa akichambua mlenda uani, nikampa habari, akanitazama kwa huruma ambayo ilinikera.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo tunavyoitana, "pumzika. Huyo mzee namjua."

Sikupumzika. Nilianza na ofisi moja ya serikali mjini Musoma. Kijana aliyenipokea alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichosha.

"Hiyo vita, dada, mimi sikuwa nimezaliwa."

"Hata mimi."

Tukatazamana kama watoto walioachiwa nyumba. Akanishauri nipige simu Dar es Salaam. Nikapiga. Dar es Salaam wakaniambia nianzie Musoma.

Basi nikaacha ofisi nikafuata samaki. Huko Murangi, kijiji cha ufukweni, mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliniambia kuna mahali mbali na ufuko ambapo nyavu hukwama, na wavuvi wanapaita Ndege. Kwa nini Ndege? Aliinua mabega. Jina alilikuta. Ila alikuwa amesikia kwamba wenzao wa Kibara walivuta bati kutoka pale, jeupe, lina misumari midogo imejipanga kama vifungo vya gauni.

Kutoka Murangi hadi Kibara ukiwa na mtumbwi ni habari ya ghuba tu. Mimi sikuwa na mtumbwi, nikarudi Musoma, nikapita Bunda, nikashuka tena ziwani kwa barabara ya vumbi nikiwa nimemshika dereva wa bodaboda kiuno. Njia nzima nilikuwa nikiona lile bati. Nililiona likiwa mikononi mwa mzee, nikaona jembe, nikaona udongo. Kosa langu ni kwamba huwa naandika mwisho kabla ya kufika.

Mvuvi mwenyewe nilimkuta akishona nyavu.

"Ndege? Mimi nilijua ni boti ya zamani. Lilinichania nyavu mpya kabisa, dada. Huyo rubani ukimpata umwambie..." Akaona uso wangu. "Kwani wewe ni nani wake?"

"Mjukuu wa mtu aliyekuwa ndani."

Alivua kofia. Hakujua aiweke wapi, akaikalia.

"Pole sana. Tulilivuta kwa mitumbwi miwili. Tulikuwaga tunaanikia dagaa juu yake, lakini lilikuwa linashika jua vibaya, dagaa wanageuka kama wamekaangwa. Akaja mtu wa chuma chakavu kutoka Bunda, nikampa aondoke nalo."

"Hakukuwa na kitu kingine? Kiatu? Mkanda?"

"Matope, dada. Matope na konokono."

Alinionyesha kwa kidole mahali lilipokuwa limelala. Majani hayakuwa yameota bado, na pale palikuwa na umbo la mstatili wa udongo mweupe. Nilisimama juu yake kwa muda. Halafu nikapanda tena bodaboda.

Bunda, nyuma ya soko, kuna mafundi wanaoyeyusha alumini. Wanakusanya sufuria zilizotoboka, vipande vya injini, fremu za madirisha, wanavitupa kwenye chungu cha chuma juu ya mkaa, kisha wanamimina kwenye mchanga uliobanwa na kutoa sufuria mpya. Fundi mkuu nilipomtajia bati la ziwani uso wake ulichangamka.

"Lile! Dada, ile ilikuwa mali. Haina kutu, haina takataka. Ilitoa sufuria ukiigonga inalia kama kengele."

"Hakikubaki kipande?"

"Kibaki cha nini? Tuliyeyusha lote siku ileile. Sufuria zilikwisha mnadani, watu wakagombania."

Nilikaa kwenye gogo lao. Nilitaka kumkasirikia mtu na sikumwona. Hawa walifanya kile tunachofanya wote: kwetu kitu kikitoka ziwani kinaliwa au kinauzwa, hakiulizwi kilikuwa cha nani. Mahali fulani kati ya Bunda na Serengeti watu wanachemsha maharage ndani ya ndege ya babu yangu, na mimi sina hata kipande cha kuzibia jino.

Fundi alinionea huruma. Akachukua sufuria iliyotoka kwenye mchanga asubuhi ile, akaipangusa kwa kiganja.

"Chukua hii. Alumini ni alumini. Mzee atajuaje?"

Niliishika. Ilikuwa bado na joto. Nilifikiria kwa urefu ambao siupendi, kisha nikamrudishia.

Nilimpelekea mzee ukweli badala ya sufuria, na nikamsimulia vizuri: mahali panapoitwa Ndege, misumari iliyojipanga, udongo mweupe wa Kibara. Alisikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya fimbo.

"Sufuria si ndege," alisema.

"Lilikuwa bati la ndege kabla ya kuwa sufuria!"

"Na hata lingekuwa bati. Nani kasema ni la kwake? Vita ile ndege zilizopotea ni moja?"

Hapo nilisahau adabu. Nilimwambia kwamba angeletewa bati angetaka usukani, angeletewa usukani angetaka rubani. Nilimwambia kwamba mwanamke anasonga ugali wa misiba kwa miaka yote hii kwa sababu ya ukaidi wake. Sauti yangu ilifika mpaka kwa ng'ombe, wakageuka.

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mke wangu, sisi tulizaliwa saba. Jembe la kwanza nimelipiga mara tano." Aliniacha nihesabu mwenyewe, nikahesabu. "Huyu mmoja niachie."

Nilikwenda kwa bibi nikiwa nimebeba hasira isiyo na pa kutua. Nilimsimulia maneno yale kama yalivyosemwa. Aliendelea kupepeta mtama wake, makapi yakiruka upande.

"Kwa hiyo yeye anabaki na ndugu," alisema, "na mimi nabaki na mwiko."

Mvua za vuli zilipoanza, jirani yetu mmoja mzee alifariki. Nilikuwa nyumbani siku hizo, nikaenda jikoni na bibi kama kawaida. Moto ulikuwa umeshawashwa, masufuria yametengwa, na mke wa mjukuu wa mtu fulani akamkabidhi bibi mwiko. Bibi aliushika, akautazama, akanipa mimi.

"Songa, mke mwenzangu. Wewe bado una mabega."

Alifungua kitambaa kichwani. Alikuwa amejinyoa. Sijui alifanya saa ngapi wala kwa wembe wa nani, maana hata mimi niliyelala chumba kimoja naye sikujua. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Akazunguka nyumba na kuvuka uwanja wenye watu, peku, hadi upande wa kushoto. Niliuacha ugali nikamfuata mpaka kwenye kona.

Wajane waliinua vichwa. Kisha mmoja wa wale aliocheza nao utotoni, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko wote, akasema kwa sauti, "We, umepotea? Jikoni ni kule."

"Magoti yananiuma."

"Ya kwetu yanaumaga tangu zamani. Tulikuwa tunakungoja wewe tu." Akasukuma wenzake kwa kiwiko. "Sogeeni huko, mnene ndiye nani hapa?"

Bibi aliketi na kunyoosha miguu.

Upande wa wanaume, kaka yake babu aliniita kwa kidole. Nikaenda, nikapiga goti kidogo.

"Mwambie bibi yako pale si mahali pake. Arudi."

Nikavuka uwanja. Nikamwambia bibi. Hakupandisha sauti: "Mwambie aje aniinue mwenyewe."

Nikavuka tena. Watu walikuwa wameacha mazungumzo yao, wakitazama miguu yangu ikienda na kurudi. Nilimpa mzee jibu kama lilivyokuwa. Alishika fimbo kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kusimama. Hakusimama. Ng'ambo ya uwanja, uji ulikuwa umefika mkekani, nao wakampa bibi kikombe chake, akakipuliza, akanywa, na mzee akamtazama anywe mpaka nusu.

"Mwambie," akaanza.

Nikainamisha sikio. Midomo yake ilikuwa ikitembea, lakini neno halikutoka, na mimi nikabaki pale mbele yake nimekunja goti, nikingoja ujumbe wa kupeleka.