Daktari wa Redioni Hakusema Maji

Baba mkwe wangu alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na masikio yake yalichoka kabla ya miguu. Redio, hata hivyo, hakuiacha. Kila Jumamosi asubuhi, hapa kwetu Kamenge, aliiweka juu ya kigoda uani na kufungua kipindi cha wataalamu. Kulikuwa na bwana wa uchumi, bwana wa siasa, mwingine aliyejua mambo ya hospitali, na mama mmoja daktari anayechunguza uzee. Wao walizungumza, mimi nikakaa karibu na redio nikimpazia sauti sikioni yale waliyosema.

Kazi hiyo haikunifaa hata kidogo. Mimi ni mtu wa sauti ndogo, na nilikuwa sijamaliza mwaka katika ndoa. Mkaza mwana, au mukazana kama tunavyosema kwetu, hatamki hata jina la baba mkwe wake, sembuse kumpigia kelele. Lakini mume wangu alikuwa kwenye kazi ya barabara mikoani, akirudi mwisho wa mwezi tu, na mama mkwe alishafariki. Nyumbani tulibaki wawili.

Nilijifunza kufupisha. Bwana wa uchumi alisema robo saa nzima, mimi nikasema, "Anasema bei hazitashuka!"

"Kwa nini?" baba mkwe aliuliza.

"Anasema sababu ni nyingi!"

Rafiki yake, dereva mstaafu wa nyumba ya pili, alicheka hadi akashika mbavu. "Mukazana, we ndiye mutaalamu! Hao wengine wanatupotezea asubuhi."

Jumamosi moja walibishana kuhusu matibabu ya wazee: alipe nani, serikali, watoto, au mzee mwenyewe. Bwana wa siasa alisema sheria mpya ingefaa. Bwana wa uchumi akamuuliza fedha zitatoka wapi. Dereva akawajibu wote wawili kutoka uani kwetu, kana kwamba wanamsikia. Ndipo yule mama daktari akaingia kwa sauti yake ya chini. Alisema watu wasiite kila kitu uzee, kwa sababu kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya uzee. Kisha akatoa mfano. Mwanaume mwenye umri mkubwa akiamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, au akisimama muda mrefu bila kupata, asinyamaze, aende hospitali.

Alikuwa akimsema baba mkwe wangu. Mimi ndiye niliyesikia mlango wa nyuma ukifunguliwa mara nne, mara tano, kila usiku. Mimi ndiye niliyeona kwamba kanisani ameanza kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, yeye aliyezoea kukaa katikati.

"Huyo mama anasema nini?" aliuliza.

Dereva alikuwa ananitazama. Yeye alikuwa amesikia kila neno, na mara hii hakuwa na utani wowote. Nilifungua mdomo, na neno lililotoka silijui lilikotoka.

"Anasema wazee wanywe maji mengi!"

Baba mkwe aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Daktari akisema, yeye alitii. Siku hiyohiyo alitafuta dumu la lita tano, akaliosha, akaliweka karibu na kiti chake. Alikunywa asubuhi, akanywa jioni, akanywa kabla ya kulala. Mlango wa nyuma sasa nilishindwa kuhesabu.

Wiki ya pili nilimkuta ameegemea ukuta wa choo, jasho limemjaa usoni, mkono mmoja tumboni. Aliponiona alijinyoosha na kusema jua ni kali. Hakukuwa na jua.

Nilimpigia simu mume wangu. Nikazunguka sana, mwisho nikasema baba anakwenda nje mara nyingi.

"Uzee huo," alisema. "Wazee wote wako hivyo. Usiogope."

Nilitaka kumwamini. Lakini nilimwona mzee wa watu akiinua lile dumu kwa mikono miwili, akinywa uongo wangu hadi tone la mwisho, na nikajua kwamba akidhurika nitakuwa nimemdhuru mimi.

Kusema nisingeweza. Nilichukua daftari. Niliishia darasa la sita, na naandika polepole, kila herufi naisubiri ikae. Nilianza baada ya chakula cha mchana, nikamaliza wakati wa kuwasha jiko la jioni:

"Baba, yule daktari hakusema maji. Nilidanganya kwa sababu ya aibu. Alisema mwanaume mwenye umri mkubwa akienda haja ndogo mara nyingi, au ikikataa kutoka, asiseme ni uzee. Aende hospitali. Tafadhali twende. Nisamehe."

Nikaiweka karatasi chini ya redio, nikakimbilia nyuma ya nyumba kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Aliniita baada ya muda mrefu. Miwani ilikuwa bado machoni. Hakunitazama, nami sikumtazama. Alininyooshea karatasi, na chini yake, kwa kalamu nyekundu aliyoitunza tangu shuleni, alikuwa ameandika: "Nane juu ya kumi. Kesho saa moja asubuhi." Kisha akachukua lile dumu na kumwagia migomba maji yote.

Hospitali si mbali na kwetu, tulitembea. Daktari alikuwa kijana, na alipoona mzee hasikii alinigeukia mimi. "Muulize anaamka mara ngapi."

Nikatazama sakafu. Baba mkwe alituangalia sote wawili, akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi yangu.

"Soma, Dokta," alisema kwa sauti kubwa ya darasani. "Yote iko humu. Mutoto wangu aliandika."

Daktari alisoma, akatabasamu, akachukua kalamu, na tangu hapo wakaulizana na kujibizana kwa maandishi. Mimi nilitoka nje. Walimpima, tukangoja siku kadhaa, tukarudi. Ilikuwa tezi ya wanaume ambayo hukua na umri, na ilikuwa imebana njia. Saratani haikuwepo. Alipewa vidonge na tarehe ya kurudi. Njiani kurudi nyumbani nililia nyuma yake, nikijua hasikii.

Sasa naamka asubuhi na kugundua kwamba nimelala usiku kucha. Jumapili iliyopita kanisani alikaa katikati.

Jumamosi kipindi kilipokwisha, baba mkwe aliingia ndani kutafuta betri. Dereva hakuondoka. Alivuta kigoda chake karibu na changu, akatazama lango, akatazama miguu yake.

"Mukazana," alisema kwa sauti ndogo kuliko yangu. "Ile karatasi ya mutama, ile muzee wako alinionyesha... niandikie na mi. Nitampa Dokta vilevile."

"Ego, Baba," nilikubali.

"Lakini si ile ya maji, eh!"

Nilileta daftari. Nilimwambia angoje, naandika polepole. Akasema ana muda.