Linki Ndefu Nilizozichagua Mwenyewe

Haya, nitawasimulia, kwa kuwa mmeuliza mara ya tatu sasa kwa nini Mjomba Athumani hakubali tena kuwa mshenga wa mtu yeyote, na jibu lake ninalo mimi, na aibu yenyewe ni yangu, si yake. Mkicheka chekeni. Hata mimi sehemu za mwanzo huwa nazicheka, ila nikikaribia mwisho kicheko hunikauka.

Mnajua kazi yangu ni viungo, iliki na mdalasini na pilipili manga, nanunua kwa wakulima huko milimani juu ya Muheza nashusha Tanga mjini, na njia za huko mvua ikishanyesha si njia tena, ni mitaro. Kwa hiyo nilipopata lile gari langu la fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne (la mkono wa pili, au wa nne, sijui, lakini langu) kitu cha kwanza nilichotaka ni kulinyanyua. Nikawekewa springi ndefu na shokapu ndefu, gari likapanda juu inchi tatu, nikawa nikipita mitaa ya Nguvumali nawaona watu utosini, na siwafichi, nilipenda. Mwanamke mzima na baibui langu naruka chini kutoka kwenye gari refu vile, wanaume barazani wote kimya. Nilijiona mtu.

Sasa gari ukilinyanyua kuna vitu vingine hubaki vifupi. Huko chini kuna chuma kinachokatiza gari kutoka upande huu hadi ule, mafundi wanakiita stebilaiza, kazi yake kulizuia gari lisilale kwenye kona, na kimeshikanishwa na miguu ya gari kwa vijiti viwili, kimoja kushoto kimoja kulia, hivyo ndivyo linki. Gari likipanda, linki za zamani zinakuwa fupi, inabidi utafute ndefu zaidi. Ndefu kiasi gani? Hapo ndipo palipo na maneno.

Fundi wangu ni Mhina, yuko Usagara, mtu mpole, hana maneno mengi, ukimweleza ugonjwa wa gari anakusikiliza mpaka mwisho kama daktari. Ijumaa moja gari lilikuwa kwake, limeinuliwa kwa jeki, magurudumu ya mbele yananing'inia hewani, na mimi nina haraka kwa sababu kesho yake, Jumamosi asubuhi, tulikuwa tunakwenda kumposea mdogo wangu Idrisa, na mimi ndiye niliyejitolea kuwapeleka wazee kwa gari langu. Mhina akaenda kuswali Ijumaa. Mimi nikabaki, nikaona tepu yake juu ya benchi, nikajiambia kwa nini nikae bure, nikachuchumaa nikapima kutoka kwenye ile stebilaiza mpaka kwenye mguu wa gari, nikapata kipimo changu, nikavuka barabara mpaka duka la spea.

Dukani kulikuwa na jozi mbili. Jozi moja imezidi kidogo zile za zamani, nyeusi, hazina mvuto wowote. Ya pili ndefu hasa, nene, zimepakwa rangi nyekundu inayong'aa, na zililingana na kipimo changu kama nimeagiza. (Nilikuwa nimetazama video kwenye simu siku mbili mfululizo, na kila gari la maana mle lilikuwa na linki nyekundu. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo.)

Mhina aliporudi akazichukua, akazigeuza mkononi, akaniuliza, "Dada Rehema, ulipima gari likiwa wapi?"

"Si hapo lilipo."

"Hapo lilipo miguu inaning'inia. Ukilishusha, miguu inapanda juu, nafasi inapungua. Umepima uongo, dada. Tulishushe kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo tupime. Zile nyeusi za duka lile zinatosha."

Alilisema taratibu, lakini kulikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye tairi wanasikiliza, na mimi nilikuwa nimeshazunguka pale na tepu mkononi kama mhandisi. Nikamwambia, "Mhina, gari ni langu. Funga hizo."

Akasema, "Ukipita kwenye makorongo, kile chuma kitapanda kigonge chasisi. Angalau kesho nenda bila linki, polepole, Jumatatu uje."

"Funga hizo, nina safari."

Akafunga. Hakuninunia wala nini, aliniambia tu nipunguze mwendo.

Jumamosi nikawapakia Mjomba Athumani mbele na Shangazi Zaina nyuma. Mjomba mnamfahamu nyinyi, yule ndiye aliyekuwa mdomo wa ukoo wetu, hakuna posa iliyokwenda bila yeye, akianza kusema mbele ya wakwe hata wanaopika jikoni huacha miiko wakasogea mlangoni. Kavaa kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya kazi ya mkono, barua ya posa kaishika mapajani ndani ya kitambaa cha hariri, na sinia la halua tumemwekea miguuni. Njia nzima mpaka Muheza alikuwa akiyapitia maneno yake kwa sauti ya chini. Kwenye lami gari lilikwenda vizuri, nikawa nimeshaanza kumsema Mhina moyoni.

Tulipoacha lami tukaanza kupanda, nikasikia ko. Shimo jingine, ko, ko.

Shangazi akasema, "Rehema, gari lako linagonga."

"Springi mpya hizo shangazi, bado hazijazoea."

(Springi hazijazoea. Nilimwambia hivyo mama mtu mzima aliyenilea.) Likagonga tena, nikaongeza sauti ya kaswida kwenye redio ili tusilisikie.

Kwa Mzee Mntambo, baba yake binti, ni mwisho wa kona, ua uko juu kidogo na njia inapita chini yake. Walikuwa wametandika mikeka nje, wanawake wamejaa uani na kanga zao, wazee wamekaa kwenye viti, wote wanatazama njiani kwa sababu wageni ndio sisi. Mimi badala ya kupunguza mwendo nikataka tuingie kwa heshima, kwa hiyo kwenye ile kona nikaongeza mafuta. Mvua ilikuwa imechimba mfereji kukatiza njia. Gurudumu la kushoto likazama, likapanda kwa nguvu, chini pakalia kishindo kimoja kikubwa, kisha kitu kikakatika, na gari likalala upande kama mtu aliyeshikwa na usingizi. Nikageuza usukani, nikachelewa, tukateremka mtaroni taratibu kabisa na kuegemea ukingo, upande wa Mjomba chini, upande wangu juu.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka. Lakini Shangazi alikuwa amelalia mlango, sinia la halua limepanda kifuani kwa Mjomba, kanzu nzima imekuwa ya rangi ya zafarani, na Mjomba ameshika mdomo. Nikadhani ameumia. Alikuwa hajaumia. Meno yake yalikuwa yameruka dirishani. (Wengi wetu hata kwenye ukoo hatukujua kwamba ni ya bandia. Alikuwa akiyatunza kama siri ya serikali.)

Wakaja watu kututoa mmoja mmoja kwa mlango wa juu, mimi kwanza, kisha Shangazi huku wanawake wanamstiri kwa kanga, mwisho Mjomba. Na Mjomba hakutaka kuondoka pale, akawa anainama kwenye matope anatafuta, hasemi anatafuta nini, mpaka mama mmoja mle mtaroni akainua mkono akauliza kwa nia njema kabisa, "Jamani, meno haya ya nani?"

Walijitahidi. Nataka niwe mkweli, wale ni watu wastaarabu, walijitahidi sana. Lakini mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, kisha wa pili, kisha ua mzima. Meno yenyewe yalikuwa yamepasuka katikati.

Tukakaribishwa, tukapewa maji, Mjomba akapewa kanzu nyingine, akakaa mbele ya wakwe na kufungua maneno yake. Ile sauti tuliyoizoea haikutoka. Kila penye "s" palitoka upepo, na neno "posa" alilirudia mara mbili halikukaa, na wanawake wakazama ndani ya kanga zao mabega yanatikisika. Akafika katikati akanyamaza. Akaikunja barua, akampa Shangazi, akasema, "Malizia." Akatazama chini mpaka tulipoondoka.

Hapo ningekuwa mtu ningesimama niseme kosa ni langu. Badala yake Mzee Mntambo aliponigeukia, kwa upole tu, akaniuliza, "Ilikuwaje mwanangu?" mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Fundi kaniharibia gari, mzee."

"Fundi gani?"

"Mhina, wa Usagara."

Nilidhani jina litapotea hewani. Mzee akakunja uso. "Mhina? Huyo ndiye anayenitengenezea pikapu yangu miaka yote." Akatoa simu, akampigia pale pale, akaweka sauti ya nje ili wote tusikie.

"Mhina, gari la Rehema ulilishika wewe?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Limeangukia mtaroni hapa kwangu, na wazee wa watu walikuwa ndani. Anasema umemharibia. Ni kweli?"

Nilisikia mtu akigonga chuma kule kwake. Nikajua sasa atasema, na nikajua ana haki ya kusema, na kwa kweli sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka aseme imalizike.

"Dada Rehema yupo hapo?"

"Yupo."

"Kama amesema ni mimi, basi ni mimi, mzee. Naomba radhi kwenu wote. Nakuja kulitoa."

Shangazi Zaina alinitazama. Alikuwa kiti cha nyuma njia nzima, aliisikia ile ko ko, na alisikia nilivyomjibu. Nikainamisha kichwa nikachukua kipande cha mkate wa kumimina, nikakitafuna.

Alasiri Mhina akafika kwa bodaboda, na mfuko wa spana, na ile jozi nyeusi aliyoniambia tangu mwanzo inatosha. Vijana wakalisukuma gari likatoka, yeye akaingia chini. Na Mzee Mntambo akasimama pale juu yake, mikono nyuma, anamsema. Kwamba hiyo ni kazi ya kuchezea roho za watu. Kwamba yeye alimwamini. Kwamba pikapu yake ataipeleka kwingine. Mhina chini ya gari anasema "ndiyo mzee", "kweli mzee", na mimi nimesimama hatua tatu kutoka hapo na sahani ya pilau mkononi, nasikia kila neno, na sisemi.

Mhina alipomaliza kazi akaifuta mikono, akaniletea kile kipande chekundu cha linki kilichokatika, akanipa bila kunitazama. Tulipokuwa peke yetu nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikwenda kuposa, dada," akasema. "Ningekuvua nguo mbele ya wakwe?"

Posa ilikubaliwa. Idrisa ameoa, wanaishi vizuri, mke wake ni binti mwema na ananipenda, na kila akinikaribisha kwake nakumbuka. Mzee Mntambo aliihamisha pikapu yake kweli, na pale sokoni Muheza, mahali ambapo Mhina alikuwa na wateja wake wengi wa magari ya machungwa, mzee akawa akiulizwa anawaambia kisa cha wazee kuangushwa mtaroni. Niliona mwenyewe uwanja wa Mhina unavyopungua magari. Nilikaa miezi minne. Miezi minne napita hapo kila wiki, nasalimia, naendelea na safari.

Siku niliyopanda kwenda kusema nilikwenda peke yangu. Nikamkuta Mzee Mntambo anapanga machungwa kwenye matenga, nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote: jeki, tepu, rangi nyekundu, maneno ya Mhina, maneno yangu. Alisikiliza huku mikono inaendelea na kazi. Mwisho akaacha kupanga.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliona haya, mzee."

"Na yeye hakuona haya, kulala chini pale nikimsema?" Akalisogeza tenga kando. "Nimemsema kwa watu wengi, Rehema. Wengine siwajui hata majina, madereva wa kupita tu. Hao nitawapata wapi nikawaambie?"

Mzee alimrudia Mhina, na alikwenda mwenyewe Usagara kumtaka radhi, na baadhi ya wateja walirudi. Baadhi hawakurudi.

Mjomba tulimtengenezea meno mapya, mazuri kuliko yale. Nilikwenda kwake pia nikamwomba radhi, akaniambia yameisha, ni ajali. Lakini watu wakija kumtaka awasemee, anawaambia watafute mtu mwingine, sauti yake imechoka. Haijachoka. Nimewahi kumsikia akisoma peke yake chumbani, sauti ni ile ile.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: kosa nikilifanya mimi nitalisema mimi, hapo hapo, watu wakiwa wengi na macho yote kwangu, kabla hawajaanza kutafuta wa kumlaumu. Gari bado analitengeneza Mhina. Akisema kitu kifungwe, kinafungwa, akisema kisubiri, kinasubiri. Anacheka nami, ananiuliza habari za bei ya iliki, ananitengea kiti kivulini. Kile kisa hajawahi kukitaja hata siku moja, na mimi kila nikikaa kwenye kile kiti huwa namwomba Mungu akitaje leo, anitukane tusi moja tu.