Jioni Mrefu Alipofundisha Salamu

Mlezi wa bweni la wanafunzi wa kigeni hakujaliwa mtoto, lakini vijana wa kila lugha walimwita Shangazi, naye aliitika. Mumewe alipofariki, alilivalia njuga jambo moja: kila Ijumaa jioni wakazi wakutane ukumbini wafundishane ya kwao. Huyu afundishe kusuka nywele, yule karata, mwingine lugha. Siku moja kijana anayejifunza Kiswahili aliuliza, "Shangazi, 'polepole' ni kupewa pole mara mbili?" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

Aliowapenda zaidi walikuwa wasichana wawili wa chumba kimoja, Mrefu na Kicheko. Nchi zao zilipakana, nao walikuwa chanda na pete: waliazimana shuka, waliazimana ndoo, hata mafua waligawana.

Kisha nchi hizo zikaingia vitani. Kaka yake Kicheko akauawa mpakani. Kicheko alishinda kitandani na viatu miguuni, na Mrefu akawa anaingia chumbani kwa kunyata, kama mgeni aliyekosea mlango.

Shangazi akaamua kuwapatanisha. Mpishi wa bweni alimwonya.

"Dada, kidonda kibichi hakishikwishikwi. Waache kwanza."

"Nikiwaacha, watakuja kuzoea kununiana."

Ijumaa ile somo likawa salamu: kila mtu aseme wanavyomkaribisha mgeni kwao. Kicheko alikuja kwa kuwa hakuweza kumkatalia Shangazi. Zamu ya Mrefu ilipofika, alisimama, akatamka maneno matatu ya lugha yake. Wote wakayarudia, isipokuwa mmoja.

"Na wewe, mwanangu," Shangazi akabembeleza. "Sema baada ya mwenzako."

Kicheko aliinua uso. "Maana yake ni 'njoo, ndugu yangu.' Askari wao walimwita kaka yangu hivyohivyo atoke mafichoni. Mwenzake aliyenusurika ndiye aliyetusimulia. Kaka aliamini, akatoka."

"Si mimi niliyemwita," Mrefu akasema.

"Najua. Lakini nikikusikia wewe, nawasikia wao."

Asubuhi Mrefu alifungasha, ahamie bweni jingine. Shangazi alimsaidia kushusha sanduku ngazini, mmoja huku, mwingine kule. Katikati ya ngazi Mrefu akasimama.

"Kaka yake nilimfahamu. Kila akipiga simu alikuwa ananisalimia, ananiita shemeji kwa utani."

"Mwambie basi, mwanangu."

"Nimemwambia. Ndiyo kwanza akazidi kulia."

Habari zilimfikia meneja wa bweni, naye akazipiga marufuku jioni za Ijumaa. Ukumbi ukajazwa magodoro chakavu. Shangazi alijaribu kumbembeleza, lakini akaacha; hata yeye asingethubutu tena kumwambia mtu aseme baada ya mwenzake.

Akabaki kumpelekea Kicheko chai. Alasiri moja akapiga moyo konde.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani natibu."

"Hukujua, Shangazi."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mama wa watu. Angegombezwa, angepata la kujibu. Kicheko alimrudishia kikombe, chai ikiwa haijaguswa, akashukuru kwa adabu, akafunga mlango taratibu. Shangazi akasimama kwenye korido na kikombe mpaka chai ikapoa, kisha akashuka jikoni akaimwaga.